Zipu ya Sentimeta Sabini

Ramani ni ya baba, ya enzi za Moscow.
Imekunjwa na kukunjuliwa hata mkunjo mmoja ukatoboka
pale hasa ninapotaka kwenda.
Nikiinyanyua, naona dirisha kupitia Murghab.

Nina cherehani katika soko la Osh, kibanda cha pili kutoka langoni.
Nina miaka arobaini na mmoja, na sijawahi kupanda
kupita mahali ambapo mpunga hukataa kuota.
Mama alizaliwa huko juu. Aliteremka akiwa bibi harusi
ndani ya lori la makaa ya mawe, na hakuna aliyemuuliza karatasi.
Baadaye nchi moja ikawa nchi mbili,
na njia ikaota kufuli.

Basi najaza fomu.
Jina: Jiparkul. Kazi: fundi cherehani.
Sababu ya safari: kisanduku chenye upana wa kifungo cha shati.
Niliandika *mama mkubwa*, nikafuta.
Nikaandika *utalii*, nikaona haya,
kama mtu anayepiga hodi kwao.

Dereva Mamatkadir huja na ushauri, na njaa.
“Kibali kipige nakala sita,” anasema, sambusa shavuni.
“Vizuizi ni vitatu, na kila askari anapenda karatasi yake.
Waya wa mpakani usiupige picha. Siku ya kwanza usikimbie,
usioge, usicheke sana,
kunywa chai mpaka chai ikuchoke wewe.
Ugonjwa wa kimo hauchagui mtu. Nimewahi kumbeba bondia,
analia kwa kichwa kama mtoto wa chekechea.”
Kidole chake cha mafuta kinapanda: hapa mita elfu nne na mia mbili,
hapa elfu nne na mia sita, karibu mia saba,
“na hapa,” kidole kikazama katika tundu,
“hapa utapumua kwa mkopo.”

Waliosema milima haikutani, binadamu hukutana,
hawakuiona ramani hii.
Huku milima imeshikana mabega toka Uchina hadi kwa Waafghani,
bila kibali, bila nakala sita.
Walioshindwa kukutana ni dada wawili,
miaka ishirini na tisa,
na mmoja wao tumeshamzika.

Jana mtandao ulishika. Sauti ya mama mkubwa Uulkan
ilifika vipandevipande, upepo umeikalia.
Nilitaka kumuuliza mama alikuwa mtoto wa namna gani,
alipenda nini, alimwogopa nani.
Nilitaka aseme: njoo, mwanangu.
Akasema: “Vitunguu, kilo kumi.
Huku hakioti kitu ila vichaka tunavyochoma.
Na zipu. Sentimeta sabini, ya chuma,
ya plastiki hukatika kwa baridi.
Koti la mama yako lipo. Aliondoka halijafungika.”
Simu ikakatika.

Dukani nina zipu mia mbili. Zote plastiki.
Leo nimezunguka soko lote, kibanda kwa kibanda,
nimejibiwa *hakuna* kwa lugha tatu,
hadi kwa mzee Abdilatip, anayefumua makoti ya jeshi
na kuuza viungo vyake kama mchinjaji.
Sentimeta sabini na mbili. Ya ziada nitaikata hukohuko,
nikishaliona koti.

Kibali bado. Wanasema Alhamisi,
au Alhamisi nyingine.
Vitunguu viko chini ya kitanda, vimeanza kunuka safari.
Usiku umeme umekwenda; nimekaa gizani na zipu mapajani,
naipandisha, naiteremsha,
meno ya huku yanaingia katika meno ya kule.
Karibu na juu inakwama kidogo.
Nasimama. Navuta pumzi.
Navuta tena.