Ile ya Maji

Famau alishuka jetini na boksi kifuani,
kalifunika kwa kikoi kama mtoto mchanga.
"Fataki za Idi," akasema, "za watoto."
Nikamuuliza: za watoto hawa,
au za yule mtoto aliye ndani yako,
ambaye nyusi zake zilichelewa kuota
mwaka ule wa kopo la baruti?

Akacheka. Nikalitia boksi kidaka cha juu,
mbali na jiko, mbali na chetezo,
mbali na Bwanadi, miaka minne,
ambaye hupanda chochote kisichomwangusha.

Huku kwetu Langoni nyumba zimebanana;
ukipiga chafya, wa mtaa wa pili hukuombea rehema.
Paa la Bi Somoe ni makuti ya miaka saba,
makavu kama koo la mfungaji alasiri.
Cheche haibishi hodi.
Nikasema: uani kwangu, hapana.
Liko gofu la babu, mlango wa pili,
kuta tupu na mchanga, halina paa la kuungua.

Usiku ukafika. Ndoo mbili za maji,
karai la mchanga, blanketi lililoloweshwa.
Famau akanuna: "Dada,
twasherehekea au twazima moto?"
Vyote viwili, ndugu yangu.
Nikachora mstari kwa chokaa:
huku watoto, kule mtu mmoja tu,
tena asiye na haraka.
Tima nilimvua gauni jipya la nailoni,
lile la mikono mipana; akalia kidogo;
nikamvika la pamba, la kushindia.
Punda wa Kale tulimhamisha tangu magharibi.
Punda hajui Idi. Ajua kishindo.

Famau akawasha kwa kijiti kirefu cha udi,
mkono umenyooka, uso kando,
akarudi hatua kumi, nikizihesabu kwa sauti.
Ya kwanza ikapasuka juu kama komamanga.
Ya pili ikamwaga punje za dhahabu,
na kuta zilizokufa zikaonesha nakshi zake,
ua kwa ua, kisha zikazificha tena.
Watoto wakasema aaa. Na mimi pia, sikatai.

Ya tatu ikanyamaza.

Mwakijua kimya kile?
Utambi umekwisha, moshi mwembamba umesimama,
na kila mwanamume aliyepo ghafla ni fundi.
"Imekufa hii," asema Famau, ainua mguu.
Na upande wangu wa pili Bwanadi kavuka chokaa,
kiganja wazi,
aenda kuiokota nyota iliyoshindwa kuruka.

Nilimdaka huyu kwa ukosi wa kanzu,
yule kwa shati,
mmoja kila mkono, kama mnunuzi wa kuku.
Nikasema neno moja: ngojeni.

Tukangoja.
Dakika ishirini, ndefu kama foleni ya kliniki.
Haikulipuka.
Nawaambieni kweli, haikulipuka.
Kisa hiki hakina jeraha wala boti ya usiku
ya kumkimbiza mtu hospitali,
na hivyo ndivyo nilivyokitaka.
Famau akaimwagia maji kwa kata ya mpini mrefu,
tena na tena, hata ikalowa chapa,
ndipo akaizamisha ndooni. Hakucheka.

Vikabaki vile vijiti vya kumetameta.
Tima, miaka tisa, akashika kimoja,
mkono mbele, mbali na nywele.
Bwanadi sikumpa. Akaniona adui.
Kijiti kile chembamba ni kikali
kuliko tanuri la mofa; kidole hakijui ukubwa.
Nikamwita kwangu: wewe ni bwana wa ndoo.
Dada akimaliza, atatumbukiza,
nawe utege sikio.

Chwiiii.

Alicheka hata akapata kwikwi.

Asubuhi, kabla ya mtu kuoga,
nimekuta ndoo ya pili nyeusi kama wino,
makaratasi yameelea, mekundu, yamelegea,
na kichwa kidogo kimeinama juu yake.
Hakuuliza komamanga wala dhahabu ya mbinguni.
"Mama," asema, "ile ya maji.
Lini tena ile ya maji?"