Linaweza Kutembea

Kila asubuhi, kabla sijawasha,
nahesabu kwa kidole kama mwalimu wa zamu:
leseni, kadi ya bima ya manjano,
kibali cha gari, pasipoti, barua ya kazi.
Vyote vimo katika faili la buluu chini ya kiti,
pamoja na peremende, maana Masika anasema
askari mwenye peremende mdomoni hawezi kufoka.

Toyota ya kijivu, namba ya Goma,
kibendera pembeni na herufi tatu.
Usukani uko kushoto.
Kule kwetu hakuna aliyeliona hilo kuwa jambo.
Hapa, Barabara ya Ngong,
wa bodaboda huinama dirisha la kulia wanitukane
wakamkuta mtoto wa miaka tisa na daftari la hesabu,
na tusi likawarudi kooni.

Kulipita lori ndio mtihani.
Mimi sioni mbele, yeye anaona.
"Bado, mama. Bado. Kuna Probox. Sasa!"
Nami hukanyaga mafuta kwa neno lake,
neno nililomfundisha mwenyewe.

Kwenye geti la maegesho kadi hutoka upande wake.
Mkono wake mwembamba unanyooka, unachomoa,
chuma kinainuka, tunapita kama wenyeji.
Siku asipokuwepo nashuka, nazunguka boneti,
na nyuma yangu honi zinapokezana.

Kasereka hupiga simu Jumapili, mtandao ukiwa mzuri.
Alitufikisha hapa akarudi, wiki mbili tu, alisema.
Huuliza oili kwanza, kisha mtoto, kisha mimi,
nami simlaumu:
anaanza na kile anachojua kukitengeneza.

Tarehe ya kibali nimeizungushia wino mwekundu
kwenye kalenda ya duka la dawa.
Ikikaribia, naomba ruhusa kazini,
nashika foleni forodhani tangu saa moja.
Karani anaitwa Nyaboke. Amenizoea.
"Mama Goma, bado upo?"
"Bado nipo, ukiniruhusu."
Anacheka, anagonga mhuri.

Mara ya mwisho nilimwuliza:
nikilipa ushuru wote, hata kwa mkopo,
siwezi kulipa namba ya hapa?
Akavua miwani, akaipangusa kwa ukingo wa sweta.
"Lenye usukani huo, hapana.
Linaweza kutembea.
Kuhamia, haliwezi."

Nikashuka ngazi na neno hilo.
Kutembea.
Miaka miwili sasa tunatembea:
tumenunua sufuria, tumenunua kabati,
Masika anaota kwa Kiswahili cha Kawangware
na kunisahihisha mbele ya muuza mboga.

Jana, Dagoretti Kona, tukasimamishwa.
Afande kijana, buti jipya, akaja dirisha la kulia.
"Leseni," akamwambia Masika.
Masika akampa faili zima, kwa mikono miwili.
Akazunguka kuja kwangu, amekasirika kidogo, ameona aibu kidogo,
akafunua karatasi moja moja
kama achambuaye maharagwe akitafuta jiwe.
Alisoma bima. Akasoma mihuri.
Aliinua kibali juani kana kwamba ni noti ya elfu.
Jiwe hakuna.

"Kwa hiyo mko sawa," akasema, si kwa furaha.
"Tuko sawa, afande. Mpaka tarehe kumi na nne."
Akachukua peremende moja. Ya chungwa.
Akatuonyesha njia kwa kidole.

Masika akapandisha kioo.
"Na tarehe kumi na tano?"

Mbele yetu lori la saruji, mlima, moshi mweusi.
Nikashika usukani, nikamwambia, angalia,
niambie unaona nini huko.
Akateremsha kioo tena, akachungulia,
upepo ukampiga usoni akafumba jicho moja.

"Bado, mama," akasema.
"Bado."