Uzuri wa Mkakasi

Kutu haikubisha hodi.
Ilianzia chini ya mlango wa dereva
pale maji ya masika yanapotuama,
doa dogo, kama chai iliyodondokea kitambaa,
nami nikasema: nitaliangalia Jumatatu.
Jumatatu hiyo sasa ina miaka sita.

Leo nimepiga magoti uani kwangu, Pasua,
khanga kiunoni, msasa mkononi,
namkwangua bibi huyu wa bati:
kombi lenye kitanda, jiko la gesi la mafiga mawili,
na sinki lisilozidi bakuli la uji.
Kundaeli alilinunua kwa daktari wa macho
aliyekuwa akirejea kwao.
“Tutalala Lushoto,” akaniambia, “tutaamkia Iringa.”
Tulilala Same, usiku mmoja.
Mbu walitushinda.

Chini ya krimu kuna kijani.
Chini ya kijani, buluu ya jalada la daftari.
Chini ya buluu, bati lenyewe,
jeupe, likipepesa macho juani.

Mrutu wa gereji amepita na baiskeli, hakushuka:
“Puti changanya kidogo kidogo, mama,
ikishaganda haisikii dua!”
Naisambaza kwa kadi ya benki iliyokwisha muda.
Haijawahi kunifaa hivi.

Rangi ndiyo iliyonitoa jasho.
“Krimu ipi?” aliniuliza kijana wa duka, Double Road,
akanifunulia vipande: maziwa, pembe, mtama, mchanga.
Nikamwambia: krimu iliyoanikwa miaka thelathini.
Hawana.
Akaongeza tone la kahawia, nikamwomba la njano,
tukajaribia kwenye ukucha wangu,
tukatoka nje kuutazama ukucha,
watu wakatutazama sisi.
Juu kule Kibo nayo imebanduka,
weupe umebaki viraka viraka
na hakuna duka la kuuchanganya.

Kiraka changu kinaonekana. Sikatai.
Asubuhi kinaonekana kidogo,
saa sita kinapiga kelele.

Bi Mwanaisha ameegemea ukuta wa michongoma,
kijiko cha mboga bado mkononi.
“Na injini?”
Inakohoa.
“Haiwaki?”
Haijawaka tangu tumzike.
“Basi, Mama Ndeshi, uzuri wa mkakasi…”
akanyamaza, akaningoja,
kama mwalimu amwachiaye mtoto nusu ya methali.

Nikauvuta mlango wa ubavuni, ukalia kwenye reli yake.
Ndani, kipande cha mti.
Ndiyo. Mvule.
Likizo nzima Kundaeli alipiga randa,
mbao ikiuma mbao, bila msumari hata mmoja,
kitanda, kabati, na droo inayogoma kila ikinyesha,
ambayo leo imekubali:
kiberiti, karata, soksi yake moja.

Bi Mwanaisha hakusema neno.
Alipapasa ukingo wa kitanda
kama mtu apimaye kitambaa dukani.

Kuna bonyeo moja, nyuma, juu ya tairi.
Ndeshi alikuwa na miaka kumi na saba,
akirudi kinyumenyume kule Uru,
nguzo ya lango ikakataa kusogea.
Baba yake alicheka mpaka akaketi chini, vumbini,
na shati la kanisani.
Mrutu aliporudi na kopo lake la puti
nikamwambia hapo apaache.
Nimeliosha, nimelipiga msasa, nimelipaka rangi,
sikulijaza.
Jua la saa kumi likiingia humo hukaa kidogo,
kama maji kiganjani.

Sisimizi mmoja amenasa kwenye rangi mbichi
karibu na taa. Nimemwacha. Nimechoka.

“Na hilo jiko?” ameuliza Bi Mwanaisha,
tayari amevua kandambili, tayari amekaa.
Jiko linawaka.

Chai ikanuka tina.
Tukainywa.