Mlango wa Ngozi ya Ng'ombe

Waliupitisha kinenani, baba,
mlango wa ngozi ya ng'ombe uliokunjwa kama barua,
ukafunguka ndani ya moyo wako kule Afrika Kusini,
bila kisu kifuani.
Ulirudi Lubumbashi ukapanda ngazi za stesheni mara mbili,
wenzako wa zamani wakuone.

Mwezi wa saba, homa.
Malaria, tukasema. Kipimo kikakataa.
Tukanunua dawa yake hata hivyo.
Tifoidi, akasema wa famasi. Tukanunua na hiyo.
Chini ya kucha zako vistari vyeusi,
nikavisugua kwa brashi
nikidhani ni girisi ya reli.

Daktari Mwanke hakuuliza homa.
Aliuliza meno.
Ukacheka: lile gego, Kamalondo, faranga elfu tano,
koleo limechemshwa kidogo.

Miaka thelathini uliinua mkono wa ishara,
behewa halikupita bila ruhusa yako.
Sasa kijidudu cha kinywani
kimedandia damu bila tikiti,
kimeshuka mlangoni pako, kimejenga.

Wiki sita za serumu. Nahesabu matone,
nakosea, naanza upya.
Usiku naweka sikio kifuani:
unafunga, baba.
Bado unafunga.