Saa Saba ya Tiketi

Chake Chake hadi Mjini Unguja
kilomita mia na ishirini na tano, kwa mstari
ambao hajaupita mtu kwa miguu.
Ndege ya viti kumi na viwili: dakika thelathini.
Haya nayajua kama jina langu.
Miaka tisa nimekaa nyuma ya kioo, Malindi,
nikiwauzia watu dakika thelathini.

Usiku ule nilimpigia mama, Vitongoji.
Mdogo wake, Bikombo, kalazwa Mnazi Mmoja,
hali yake si ya kungoja meli.
Tiketi nimeshakata, nikasema,
ndege ya saba na dakika kumi.
Nilisema vile vile ilivyoandikwa.
Mama akarudia polepole, kama anayehesabiwa deni:
saba, na dakika kumi. Inshallah.

Asubuhi akafua.
Akachuma shokishoki za Bikombo, moja moja,
na vikonyo vyake, zisije zikachacha njiani.
Jua lilipopanda juu ya bati la jiko
akavaa buibui,
na saa sita ilimkuta uwanjani, kawahi,
kikapu magotini,
simu kaisahau dukani kwa Faki, kwenye chaji.

Kijana wa mizani akamwambia:
Bibi, ndege yako imeruka saa moja.
Saa moja ya nani?
Akamwonyesha ubao. 07:10.
Mama akautazama.
Si imeandikwa saba? Na sasa ni saa ngapi?
Kijana akaangalia mkono wake,
akajifanya anapangusa mizani.

Mimi nilikuwa huku, langoni,
nawahesabu wanaoshuka: kumi na mmoja.
Nikamngoja wa kumi na mbili
mpaka wakafunga mlango wa ndege.

Bikombo aliuliza mara mbili, Dada keshatua?
Mara ya pili ilikuwa saa nne kasorobo.
Ya tatu hakuuliza.

Nimelipiga hesabu hili kila namna.
Chake na Unguja ni nusu saa.
Kinywa changu na sikio la mama, saa sita.
Wala si yeye aliyekosea kusoma.
Ni mimi niliyekaa na ratiba hata nikasahau
kwamba kwetu siku huanza jua linapoanza,
na saba ni saa ya kuepua chungu cha mchana.

Akaja na ya saa kumi.
Wakampima, maana ndege ndogo haimwachi mtu:
kilo arubaini na tisa, pamoja na shokishoki.
Rubani, msichana, akamketisha mbele ubavuni mwake,
na mama, ambaye hajapata kupanda hata ngazi ya ghorofa,
hakutazama chini.
Alisoma Yaasini.
Mbili kamili; ya tatu imefika kati, magurudumu yakagusa lami.
Ndiyo masafa anayoyajua yeye, na hayana kosa.

Tulikuwa tumeshazika.

Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu.
Tulipofika Kiembesamaki akafungua kikapu,
akanimenyea moja, akanitia mkononi kama mtoto,
kisha akaniuliza, kwa kutaka kujua tu:
Na huko ofisini kwenu, mwanangu,
jua hutoka saa ngapi?