Mistari ya Wino

Lebo iliyoshonwa ndani ya kizibao inasema:
kisifuliwe zaidi ya mara ishirini na tano.
Mimi ndiye dobi wa nyumba hii tangu nistaafu,
na kila nikikianika nyuma ya jiko
natia mstari mmoja wa wino pembeni mwa lebo.

Gunvor hucheka. "Baba, wewe na hesabu zako!"
Yeye na wenzake hutoka saa kumi alfajiri
kubandua barafu kwenye maungio ya reli,
huku Abisko, ambako Desemba jua halichomozi kabisa,
na garimoshi la mawe ya chuma
hushuka kuelekea bandarini
likisukuma theluji mbele yake kama povu.
Theluji humeza sauti. Sikio halisaidii kitu.

Ujanani tulivaa sufu ya kijivu,
kijivu juu ya kijivu, tukajiona majabali.
"Mwanamume hang'ari kama pambo la harusi,"
alisema Edvin Niemi, mdomo umejaa mkate,
siku walipotuletea vizibao vya kwanza,
rangi ya chungwa bivu, kreti nzima.
Tukaikalia kreti wakati wa kula.

Februari dereva aliapa mbele ya polisi:
Sikuona mtu. Niliona theluji imesimama.

Imesimama.
Neno hilo sijapata pa kulitua.

Jana nilitia mstari wa ishirini na tano.
Nikazima taa ya ukumbini, nikawasha tochi,
nikakimulika pale msumarini.
Zamani mikanda yake ilinirudishia mwanga
mpaka nikafumba macho.
Jana ilijibu kwa mnong'ono,
kama mtu aliyeitwa akiwa usingizini.
Rangi bado nzuri. Rangi ndiyo hudanganya.

Nikachukua mkasi.
"Lakini bado kizima!"
Kizima kwa jicho la jikoni, nikamwambia,
si kwa jicho la mtu aliye mbioni,
maelfu ya tani yakimsukuma mgongoni,
breki zikilia na reli ikiteleza.

Leo kaondoka na kipya, kikali hata kukitazama.
Nimesimama dirishani, kahawa imepoa.
Kule bondeni taa inakata kona,
na kando ya njia mistari ya fedha inawaka ghafla:
mmoja, wawili... nahesabu... watano.
Honi inalia, ndefu.
Wameonekana.

Lebo mpya ni nyeupe.
Kalamu nimeiweka droo ya vijiko.