Kwa Drani

Kwetu nyumba hazina namba.
Ukifika Arua ukanitafuta, utaambiwa:
vuka Enyau, pita ghala bovu la tumbaku,
uliza kwa Drani.
Drani alikufa mimi sijaota meno.
Wageni wanafika mpaka leo.

Mashine haifiki hivyo.

Mashine ukiipa jina hulitazama
kama karani anavyotazama kadi isiyo na muhuri.
Majina ni ya watu, inasema. Nipe tarakimu:
mafungu manne yaliyotengwa kwa nukta,
au ule msururu mpya, mrefu, wenye herufi na nukta pacha.
Halafu nipe na mlango,
maana nyumba moja ina milango elfu sitini na tano na ushei
na karibu yote imekomewa.

Usiku wa tatu, niko stoo ya maabara.
Jenereta ya jirani inakohoa kuliko wagonjwa.
Majibu ya makohozi yako upande ule wa ukuta, kwenye seva;
printa iko upande huu.
Hatua nane kwa miguu.
Na barazani, juu ya khanga yake, Munduru wa Koboko
amelala na mtoto tangu Jumatatu
akingoja karatasi moja.

Nikaanza na mlango.
Elfu tano mia nne thelathini na mbili.
Mashine yangu huupasua vipande viwili na kuuweka kinyume:
hamsini na sita mbele, ishirini na moja nyuma.
Ndani kwake sawa, kila mtu na mpangilio wa kwake.
Ila njiani mkubwa hutangulia,
na mkubwa hapa ni ishirini na moja, usidanganywe na umbo,
kila moja yake imebeba mia mbili hamsini na sita mgongoni.
Nikahesabu kwa vidole, nikahesabu tena.
Mlango ulikuwa sawa.

Basi jina.

Nikabisha: *maabara*.
Haikukataa. Ingekataa ningeshukuru;
anayekufukuza walau yumo ndani.
Ilikuwa kimya, sekunde thelathini, sitini,
kimya cha mtu anayeandika barua kwa aliyehama.

Hapo nikakumbuka daftari.
Kabla haijauliza nje, mashine hufungua kidaftari chake yenyewe,
na ikikuta jina mle, haiulizi mtu tena.
Nikafungua. Mstari mmoja, mwandiko wa Afeku
aliyekuwa na kiti hiki kabla hajakwenda Juba:
*maabara*, na mbele yake anwani
ya kompyuta niliyoing'oa moyo mimi mwenyewe mwezi wa tatu.
Bati lake liko hapa, chini ya birika la chai.
Siku tatu tulikuwa tunabisha hodi kwenye birika.

Nikaufuta mstari.
Nikauliza upya, safari hii nje,
yakarudi majibu mawili, moja nyuma ya jingine.
La kwanza, lile refu, halikuwa na njia.
La pili
likafunguka.

Printa ikaguna, ikatema mia moja na nne.
Nilipekua hadi nikampata: Candia, miaka minne.
Jina hilo kwa Kilugbara ni *katika taabu*.
Jibu lilisema hakuna kitu.
Nikalisoma mara mbili kabla ya kumwamsha mama yake.

Munduru hakulia wala hakupiga magoti.
Alikunja karatasi mara nne, akaitia kwenye fundo la leso,
akaniuliza kwetu ni wapi,
kuna karanga atatuma mavuno yakiiva.

Nikamwambia: vuka Enyau,
pita ghala bovu la tumbaku,
uliza kwa Drani.

Mstari huo sijaufuta.